Viatu vya Kwato

Bwana Naidoo alikuja shuleni siku ya Ijumaa, wakati wa chai, akiwa amebeba mfuko wa turubai ambao niliutambua kabla hajautua chini. Alisimama mlangoni mwa maabara, akavua kofia, akaniambia kwamba Tannie Hester alizikwa Jumanne, kwamba watu hawakuwa wengi, na kwamba kwenye droo ya jikoni walikuta orodha ya nani apewe nini. Jina langu lilikuwa la tatu, baada ya binti wa dada yake na daktari wa mifugo. Nilikuwa nimeachiwa viatu. Naidoo hakujua kama anipe pole au anipongeze, kwa hiyo alikunywa chai yangu, akasema shule inapendeza, akaondoka. Nilipovitoa viatu na kuviweka juu ya meza, wanafunzi waliokuwa wamewahi kurudi darasani walisogea nyuma hatua moja. Ni soli mbili za mbao, nene kama kamusi, zenye mikanda ya ngozi ya kufungia juu ya buti; na chini ya kila soli, zimekazwa kwa skrubu, kuna kwato za blesbok, yule swala wa nyanda za huku mwenye bapa jeupe usoni. Msichana mmoja aliuliza kama ni vitu vya uchawi. Nikamwambia ni vitu vya michezo, na jibu hilo lilimtia wasiwasi zaidi. Chini kabisa ya mfuko kulikuwa na kitu kingine, ila hicho nitakifikia baadaye, kwa sababu bila kuujua mwaka ule hakina maana yoyote.

Mwaka ule nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, shahada ya biolojia kutoka Bukavu ambayo hakuna ofisi ya Johannesburg iliyotaka kuisoma, na tabia ya kuuliza maswali ambayo ilikuwa imekwisha kunitoa kanisani. Tulisali kwenye ukumbi wa ghorofa ya kwanza huko Bertrams, sisi Wakongomani, na Jumapili moja mama mmoja alitoa ushuhuda kwamba simu yake ilijichaji kwa maombi. Niliinua mkono nikauliza ilikuwa na asilimia ngapi kabla ya maombi kuanza. Sikufukuzwa. Niliombewa, jambo ambalo ni baya zaidi, kwa sababu huwezi kubishana na watu waliofumba macho. Baada ya hapo Jumapili zangu zilikuwa tupu, na nadhani Tannie Hester aliliona hilo kabla yangu. Nilikuwa nikimfanyia kazi ya kuosha mbwa katika gereji ya nyumba yake huko Bez Valley, na alikuwa mtu wa kwanza katika jiji lile ambaye nikimuuliza swali alijibu swali, badala ya kuniuliza nimetoka wapi. Kila mtu alimwita Tannie, yaani shangazi, hata polisi wa kituo cha jirani. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye kikohozi na mikono mikubwa, na alifuga dachshund: wale mbwa wenye mwili mrefu na miguu mifupi ambao watu wa hapa huwaita mbwa wa soseji. Alichukia jina hilo. Alisema ni mbwa wa kuwinda, wamezaliwa kumfuata mnyama aliyejeruhiwa hadi alipoangukia, na kwamba dunia imewageuza kuwa mito ya kochi.

Kwa hiyo alianzisha klabu. Ilikuwa na wanachama kumi na mmoja na bendera moja, na walikutana shambani, mashariki ya mji, mbele ya Benoni, ambako nyasi wakati wa baridi huwa za manjano hadi kwenye upeo wa macho. Utaratibu wenyewe ni rahisi kuueleza, ingawa ilinichukua muda kuuamini. Jumamosi mchana mtu mmoja hufunga viatu vya kwato na kutembea hatua mia nane kwenye majani, akikata kona mbili, huku akichora ramani. Njia huachwa ilale usiku kucha na ishikwe na baridi. Asubuhi ya Jumapili mbwa, akiwa amefungwa kamba ndefu, anawekwa mwanzoni mwa njia, naye anatakiwa kuifuata kwa pua hadi mwisho, ambapo kumewekwa ngozi ya blesbok kana kwamba ndipo mnyama alipoangukia. Akipotea, mwamuzi humrudisha. Akirudishwa mara tatu, ametoka. Mwenye mbwa hajui njia imepita wapi. Inambidi amwamini mbwa. Hilo ndilo lililonivuta. Nilikuwa nimeishi katikati ya watu waliosema wanaamini, na hapa walikuwapo watu waliokuwa na ramani mfukoni mwa mwamuzi ya kuwasahihisha.

Katika mwezi wa pili Tannie aliniambia magoti yake hayawezi tena kubeba zile mbao, akanifunga viatu yeye mwenyewe, amepiga magoti kwenye majani, akaniambia nitembee kama mnyama aliyechoka. Kuanzia siku ile nilikuwa mwekaji njia. Jina langu, Solange, liliandikwa kwenye karatasi ya klabu iliyobandikwa gerejini, na mbele yake cheo. Jina langu lilikuwa kwenye karatasi nyingi za Johannesburg wakati ule, lakini zote zilikuwa karatasi za kusubiri.

Swali la viatu vilale wapi lilikuja mapema. Tannie alikuwa na friza moja, nayo ilikuwa imejaa ngozi. Na viatu vyenyewe, kwa kuwa kwato zilikaushwa kwa chumvi, havikuhitaji baridi, vilihitaji tu mahali pakavu pasipo na mbwa. Gerejini palikuwa na mbwa kila saa. Nikavipeleka nyumbani. Nyumbani maana yake ni chumba kimoja Bertrams, ghorofa ya pili, nilichoishi na dada Aziza, Mrundi wa Buyenzi, Bujumbura, aliyenizidi miaka kumi na mitano na kunizidi akili katika kila jambo lisilo la vitabuni. Aziza alikuwa muuza ndagala. Walimfikia kwa magunia kutoka Ziwa Tanganyika, samaki wadogo waliokaushwa kwa jua, wenye macho meupe yaliyokutazama wote kwa pamoja. Naye aliwachambua juu ya mkeka, akawafunga katika mifuko midogo ya plastiki yenye fundo la aina yake, akaenda kuwauza Yeoville. Kitanda chake kilikuwa upande wa dirisha, changu upande wa mlango, katikati pazia, na kila nafasi iliyobaki ilikuwa ya magunia. Tulikula ndagala kwa nyanya na bugali, yaani ugali wa kwetu, siku nne kwa wiki, na siku nyingine tulikula bugali tukiongelea ndagala.

Alipoviona viatu, Aziza aliweka kijiko chini. Aliuliza mnyama huyo kachinjwa na nani. Nikasema sijui, labda kapigwa risasi. Akasema basi havitagusa sufuria, havitagusa mkeka wa kuswalia, na mimi mwenyewe nikitoka kwa mbwa wangu nitaoga kabla ya kugusa mlango wa jiko. Nilimuuliza kwa nini mate ya mbwa na si mate ya paka.

"Mdogo wangu," alisema, "wee ulisoma mpaka ukamaliza, ukaanza kusoma kinyumenyume."

Lakini alinipa nafasi: pengo kati ya magunia mawili, nyuma ya mlango. Viatu vilikaa hapo, wiki baada ya wiki, kuanzia mwezi wa pili hadi wa nane. Jumamosi nilivichomoa, nikavirudisha jioni. Naandika hivi polepole kwa sababu sasa jambo lenyewe liko wazi mno, hata mtoto wa darasa langu angelinyooshea kidole. Mimi niliyeuliza kuhusu asilimia za simu sikuliona kwa miezi sita.

Mbwa wa klabu walikuwa hodari. Hilo ndilo lililokuwa gumzo la mwaka ule. Otto, mbwa wa Tannie mwenyewe, mwekundu, mwenye kifua kama cha bondia, alimaliza hatua mia nane huku akimburuta bibi wa miaka sabini. Wengine nao hawakuwa nyuma yake. Jambo moja tu lilinisumbua: walipofika kwenye ngozi, karibu wote waliipita. Hawakuijali. Waliendelea kuvuta kamba kuelekea upande niliorudi nao jana yake, viatu vikiwa mkononi, hadi kwenye magari. Niliuliza kwa nini mbwa anayemtafuta mnyama ampite mnyama. Wanachama walicheka. Walisema ni ari, ni damu ya uwindaji, hawataki mchezo uishe. Tannie alisema, "Swali zuri, mwanangu," akanimiminia chai nyekundu kutoka kwenye chupa, na hilo nalo likaishia hapo. Niliipenda ile chai, pamoja na beskuti zake ngumu ambazo usipozichovya zinakuvunja jino. Nadhani nilikubali majibu mengi mwaka ule kwa sababu yalikuja na chai.

Mmoja tu alisimama kwenye ngozi, naye alikuwa kichekesho cha klabu. Pikkie alikuwa mbwa wa Bwana Naidoo, mfamasia ambaye hakuweza kuja wikendi nyingi, na aliyekuwa akimfundisha peke yake katika uwanja wa nyuma ya nyumba yake kwa kuburuta kipande cha ngozi kwenye kamba. Alipoletwa kwenye njia zetu Pikkie alitembea kama mzee anayetafuta funguo. Alinusa, akasimama, akanusa tena. Alichukua muda mara tatu ya Otto. Na alipofika kwenye ngozi alijilaza juu yake, akafumba macho. "Naidoo, mbwa wako anadhani amefika hotelini," mtu alisema, na Naidoo, ambaye alikuwa mpole, alijibu kwamba angalau amefika. Katika kikao cha mwezi wa saba Tannie alipendekeza Pikkie asiandikishwe kwenye majaribio makubwa, asije akaiaibisha klabu. Naidoo aliomba aandikishwe mwishoni. Wakamkubalia kwa adabu.

Majaribio hayo makubwa ndiyo yaliyokuwa kila kitu. Chama cha kitaifa kilikuwa kimeikataa klabu yetu mara mbili. Ili kiikubali na kuipa haki ya kutoa vyeti, ilibidi walau mbwa mmoja amalize njia mbele ya mwamuzi wa nje, njia ikiwa imewekwa kwa viatu vya mwamuzi huyo mwenyewe. Hakukuwa na mwaka mwingine wa kujaribu. Shamba lilikuwa limeuzwa, maghala yangejengwa hapo, na wanachama walikuwa wameanza kusema kwamba bila kutambuliwa hawana sababu ya kutafuta shamba jingine na kuamka alfajiri kwenye baridi. Tannie hakusema angefanya nini klabu ikivunjika. Alikuwa amepiga pasi bendera mara mbili.

Wiki mbili kabla ya siku yenyewe nilimwacha Aziza bila funguo. Nilikuwa nimeondoka nazo zote mbili, akalazimika kunifuata Bez Valley kwa miguu, na kapu lake la biashara kichwani. Sikumwona akiingia. Nilisikia tu sauti. Mbwa saba waliokuwa gerejini, wawili kati yao wakiwa na povu la sabuni hadi masikioni, walikuwa wamempita Tannie, wamepita bakuli la chakula, wamemzunguka Aziza kwenye lango, pua juu, mikia ikienda kama feni. Hawakubweka. Walikuwa na adabu ya kutisha. Aziza alikuwa amesimama kama nguzo, mikono miwili kwenye kapu.

"Solange," alisema bila kusogeza midomo, "hawa wazee wa kanisa wanataka nini kwangu?"

Nilimwokoa, nikampa funguo, nikaomba radhi kwa pande zote. Alipoondoka, Otto alienda hadi mwisho wa uzio, akaweka pua chini kwenye njia aliyopita Aziza, akanyooka kama mshale. Niliijua ile namna ya kunyooka. Nilikuwa nimeitazama kila Jumapili.

Tangu shuleni nilifundishwa kwamba kitu kimoja hakithibitishi chochote. Kwa hiyo Jumatano, wakati wa chakula cha mchana, nilimchukua Otto hadi kwenye uwanja wa wazi ng'ambo ya barabara. Nilikuwa nimeburuta ngozi mbichi kutoka kwenye friza ya Tannie upande wa kushoto, na upande wa kulia nilikuwa nimetembea na buti nilizoziosha kwa sabuni, kisha nikazipaka vumbi la ndagala kutoka chini ya gunia. Otto alienda kulia. Nilibadilisha pande. Akafuata ndagala. Nilifanya hivyo mara nne. Mara ya nne hakuinusa hata kidogo ile ngozi, aliikojolea. Nilikaa kwenye benchi na mbwa bora wa klabu ya dachshund ya mkoa, nikaelewa kwamba kwa miezi sita, kwa uangalifu mkubwa, kwa ramani na vigingi na daftari, tulikuwa tumewafundisha mbwa kumi kuwinda samaki wa Tanganyika.

Nilimwambia Tannie siku ileile, jikoni kwake. Alikuwa akipanga beskuti kwenye kopo. Aliponiona nimesimama akauliza, "Swali jingine?" Nikasema safari hii si swali. Nilimweleza yote: chumba, magunia, pengo nyuma ya mlango, kapu la Aziza, zile mara nne. Nilimweleza kwa nini waliipita ngozi na kwa nini waliendelea hadi kwenye magari. Hakunikatiza. Aliendelea kupanga beskuti hadi kopo likajaa, kisha akaanza kuzitoa moja moja. Nilidhani atanifukuza na nilikuwa tayari, hata nilikuwa nimekunja taulo zote. Badala yake aliuliza nani mwingine anajua. Nikasema hakuna. Akauliza kama mwamuzi atavaa viatu vyake mwenyewe. Nikasema hapana, mwamuzi ni mzee, ameandika kwamba mwekaji njia wa klabu ndiye atakayetembea, yeye atafuata nyuma na ramani. Atakabidhi viatu saa nane mchana.

Tannie alifunika kopo.

"Basi utakuwa navyo mkononi," alisema.

"Ndiyo, Tannie."

"Rafiki yako anaweza kukupa kidogo? Kimfuko tu."

Nilisema anaweza. Alinimiminia chai, akaweka sukari mbili kama ninavyopenda, na kwa mara ya kwanza tulikunywa bila mimi kuuliza lolote. Nilipokuwa nikitoka aliniambia, akiwa amenipa mgongo, kwamba Otto ana miaka tisa.

Aziza alinifungia kimfuko bila kujua ni cha nini, akaongeza ndagala wa juu, wale wakubwa, akidhani ni zawadi ya bibi. Kisha nikamweleza. Nilitegemea ataniambia ni haramu, na nilikuwa nimeandaa majibu mawili. Hakusema hivyo. Alisema, "Samaki wangu hajawahi kumdanganya mtu. Nikiuza kilo, ni kilo." Kisha akaendelea kuchambua. Nilichukua kimfuko hata hivyo. Ningependa kuandika kwamba tayari nilikuwa nimeamua, lakini sikuwa nimeamua. Nilikiweka mfuko wa kulia wa koti la khaki la klabu, nikakigusa mara nyingi siku mbili zilizofuata, kama mtu anayeangalia kama jino bado linauma.

Mwamuzi alitoka Bloemfontein. Alikuwa na masharubu na tai, na viatu vyake vilikuwa katika sanduku la mbao lenye kitambaa, kwato zake mpya, safi, zenye harufu ya zizi na nyama. Alinikabidhi, akaenda kuzungumza na Tannie kwenye meza ya chai. Nilikaa nyuma ya gari kufunga mikanda. Nilikuwa peke yangu kwa muda ambao ungetosha kupaka viatu vya jeshi zima. Nilitoa kimfuko, nikashika fundo. Kilichonizuia si uadilifu, nataka lieleweke hilo. Nilikuwa na umri ule ambao mtu anaweza kuuhoji uadilifu mpaka usibaki kitu. Kilichonizuia kilikuwa udadisi. Nilitaka kujua. Mwaka mzima nilikuwa nimeuliza watu wanajuaje wanachokijua, na hapa, kwa mara ya kwanza, kulikuwa na njia ya kujua, hatua mia nane, kona mbili. Nikiipaka ndagala ningejua tu kile nilichokwisha kujua. Nilirudisha kimfuko mfukoni, nikatembea kama mnyama aliyechoka. Nilipomaliza nilipita karibu na Tannie. Alinitazama, akainua nyusi kidogo sana. Nikainamisha kichwa. Aliichukulia kuwa ni ndiyo, na mimi nilimwacha aichukulie hivyo. Huo ndio uongo wangu katika habari hii, nami sijapata pa kuuweka tangu siku hiyo.

Asubuhi majani yalikuwa meupe kwa baridi na pumzi za watu zilionekana. Mbwa walitolewa mmoja mmoja, kila mmoja akianzishwa palepale mwanzoni mwa njia. Wa kwanza alizunguka mahali pamoja, akakaa chini. Wa pili alimtazama mwenyewe kama anayeomba kurudiwa swali. Wa tatu alirudishwa mara tatu katika hatua mia moja. Wanachama walianza kulaumu baridi, kisha upepo, kisha chakula kipya. Tannie alikuwa akisubiri zamu ya Otto, ametulia kuliko wote, na utulivu ule sikuweza kuutazama. Mimi nilisimama upande wa magari pamoja na mwamuzi msaidizi, mikono mfukoni.

Otto aliwekwa kwenye mwanzo wa njia. Alinusa kwato mpya kwa heshima, kama mtu anayesoma tangazo lisilomhusu. Akainua kichwa. Upepo ulikuwa ukitoka kwangu kwenda kwake. Nilimwona akinyooka, nami nilijua kabla hajaanza kukimbia. Alikata uwanja moja kwa moja, Tannie nyuma yake kwenye kamba, amejaa imani, akipiga hatua ndefu, akimwambia vizuri, vizuri, mwanangu. Hadi mbwa alipofika kwangu, akasimama kwa miguu ya nyuma, akaweka pua yake kwenye mfuko wa kulia wa koti langu, akabweka mara moja, kama alivyofundishwa kufanya anapompata mnyama.

Watu walicheka. Walidhani anampenda muoshaji wake. Mwamuzi msaidizi alisema ndiyo hatari ya kuwa na mwekaji njia anayependwa sana. Tannie hakucheka. Aliutazama mfuko, akanitazama mimi, na nikaona akihesabu: kama ndagala bado wapo hapa, basi hawako kule. Alinyoosha mkono. Nilitoa kimfuko, nikamwekea kiganjani, kikiwa bado na fundo la Aziza. Alikifumba, akakiingiza kwenye koti lake.

"Ingia garini," alisema, "kuna baridi."

Sikuingia. Nilisimama pale hadi mbwa wa mwisho, na wa mwisho alikuwa Pikkie. Wengi walikuwa wamekwisha kuanza kukunja viti. Naidoo alikuwa na mafua na kamba iliyofungwa fundo mahali ilipokatika. Pikkie alinusa, akasimama, akanusa tena. Kisha akaanza kutembea. Kwenye kona ya kwanza alisimama muda mrefu hadi mwamuzi akaangalia saa, kisha akageuka kushoto, mahali hasa nilipogeuka. Waliokuwa wakikunja viti wakaviacha. Kwenye kona ya pili aliipita hatua tano, akarudi mwenyewe, akaomba radhi kwa mkia. Ilimchukua dakika arobaini. Alipofika kwenye ngozi alijilaza juu yake, akafumba macho, na yule mzee wa Bloemfontein akavua kofia.

Klabu ikatambuliwa. Njiani kurudi Tannie aliendesha hadi tulipofika mjini, robot ya kwanza, yaani taa ya kuongozea magari, ikatusimamisha. Otto alikuwa amelala juu ya miguu yangu.

"Ulikuwa navyo saa nzima," alisema.

"Ndiyo, Tannie."

"Mimi ningefanya," alisema. Robot ikabadilika, akaendesha.

Hatukulizungumza tena. Viatu vya klabu havikurudi Bertrams. Alitoa ngozi mbili kwenye friza, akavipa nafasi. Niliendelea kuosha mbwa na kuweka njia hadi mwisho wa mwaka, kisha karatasi zangu zikatoka, nikapata nafasi ya kusomea ualimu, na Jumapili zangu zikajaa vitu vingine. Aziza alihamia Durban na magunia yake. Miaka miwili baadaye Tannie alinitumia picha ya Otto, mdomo mweupe kwa uzee, amekaa mbele ya cheti. Niliifurahia picha ile. Nilikutana na Naidoo mjini muda mfupi baadaye, akanihadithia ilivyokuwa: mkanda wa kiatu cha mwamuzi ulikatika, wakatumia vya klabu, na Otto, mzee vile, aliimaliza njia kama kijana. Nikasema ni mafunzo mazuri. Naidoo akasema ndiyo, miaka miwili ya kuanza upya na ngozi, kila siku, Tannie hakupumzika.

Sasa kile kilichokuwa chini ya mfuko. Ni kimfuko cha plastiki, kimegeuka njano. Ndani kuna ndagala, wale wakubwa wa juu, lakini ni nusu tu. Fundo si la Aziza. Limefungwa upya na mikono mikubwa, mara mbili, kama mtu anavyofunga kamba ya mbwa. Inawezekana alikuwa akimpa Otto mmoja mmoja kama zawadi kila alipoifuata ngozi vizuri. Ndivyo ningefanya mimi kama mwalimu. Inawezekana pia kwamba siku ile mkanda ulipokatika alikuwa na viatu mkononi, peke yake nyuma ya gari, na mbwa wa miaka kumi na moja. Angeweza kukitupa. Aliandika jina langu badala yake, la tatu kwenye orodha.

Wanafunzi walipoondoka nilifunga mlango wa maabara, nikaviinua viatu, nikanusa soli moja, kisha nyingine, kisha katikati ya kwato, kwa muda mrefu, kama nilivyowafundisha wao kufanya uchunguzi. Mbao zilinuka mbao. Mbwa angejua mara moja. Mimi sina mbwa.